Nauli ya Kupe

"Kaka, umebeba nini humu, mashine ya kusaga?"

Konda aliuliza hivyo alfajiri, stendi Dar es Salaam, akiwa ameushika mkoba wangu kama mtu aliyekabidhiwa mtoto aliyekojoa. Nikamjibu kwa fahari kuwa ni vifaa vya kujikinga na wadudu. Akautazama mkoba, akanitazama mimi, akanitoza nauli ya mzigo.

Tulikuwa wanne, wa ofisi moja, tumeazimia kuitembea Usambara Magharibi kwa miguu, siku nne, kutoka Lushoto hadi Mtae. Tuligawana kazi: mmoja chakula, mmoja mahema, mmoja fedha. Mimi nikapewa wadudu. Nadhani walikumbuka mwaka 2019, dengi ilipoingia Dar na kunilaza wiki nzima nikihisi mifupa yangu imetwangwa kinuni. Tangu hapo, mbu akilia hata kwenye tangazo la redio, mimi najipiga kofi.

Kazi niliifanya kwa moyo wote. Kariakoo nilinunua chandarua chenye dawa, futi sita kwa sita. Chupa tatu za dawa ya kujipaka. Maboksi ya dawa ya mbu ya kuchoma. Soksi ndefu za mpira wa miguu. Na suruali nzito ya buluu ambayo muuzaji aliapa kwa jina la mama yake kwamba hakuna mdudu wa kuitoboa. Nikaandaa na jedwali. Mbu wa malaria huuma usiku, wa dengi huuma mchana. Kwa hiyo nitajipaka saa zote.

Kitu kimoja tu sikukiangalia, nacho ni mwezi. Tulikwenda mwishoni mwa Mei kwa sababu ndipo bosi alipotoa likizo, masika yakiwa bado yanaaga mlangoni kama mgeni asiyetaka kuondoka. Muongozaji wetu, mzee ambaye kila mtu Lushoto alimwita Babu, alitupokea akiwa na buti za mvua, panga na chupa ya chai. Basi.

"Shikamoo Babu. Mzigo wako uko wapi?"

"Marahaba. Huu hapa," akaonyesha chai.

Usiku wa kwanza nilijifunza kwamba Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya huko haina urafiki na mbu. Sikumsikia hata mmoja. Chandarua hakikuwa na pa kuning'inia ndani ya hema, hivyo nikajifunika kama shuka la pili, na ndiyo faida pekee niliyoipata kwake safari nzima. Dawa ya kujipaka nayo ilikosa mbu wa kufukuza ikaamua kula miwani yangu ya jua. Sitanii. Dawa hizi zenye nguvu hulainisha plastiki za aina fulani. Asubuhi fremu ilikuwa imeshika alama za vidole vyangu vyote vitano, safi kabisa, kama kitambulisho cha taifa.

Siku ya pili tukaingia msitu wa Magamba. Babu mbele, anatembea haraka, macho chini. Mimi nyuma, suruali nimeichomeka ndani ya soksi, maana nimesoma kwamba kupe hupandia majanini. Tukafika mahali pazuri, jua limepenya matawi, nikasimama kupiga picha.

"Usisimame hapo," Babu akasema bila kugeuka.

Nikadhani ananiharakisha. Picha ya tatu ndiyo iliyonifahamisha. Kwanza kiunoni, kama mtu amenibana kwa kibanio cha nguo. Kisha kibanio cha pili. Kisha duka zima la vibanio. Siafu walikuwa wamepanda juu ya soksi zangu kama ngazi, wakapita nje ya suruali wakinyamaza kimya, wakaingilia kwenye mkanda. Na hapo nikaielewa ile suruali niliyoifunga chini isiingie kitu: sasa ilikuwa imefungwa kisitoke kitu.

Nikaivua. Nikaivua katikati ya njia, nikirukaruka, na wakati huohuo wakatokea kwenye kona akina mama wanne na matenga ya kabichi kichwani, wakielekea mnadani. Wa mbele alikuwa bibi wa makamo ya bibi yangu mzaa mama. Malezi ni malezi. Nikasimama wima, suruali mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Siafu?"

"Siafu, bibi."

Akanitazama kwa huruma. "Vua na hiyo nyingine. Huko ndiko wanakojificha."

Wakapita. Tenga halikutikisika, ila mabega yalikuwa yanacheka.

Siafu nimewatazama kwa karibu siku ile kuliko ninavyotazama mshahara. Ukimvuta, mwili unakatika na kichwa kinabaki kimeng'ata, kinaendelea na kazi baada ya mwenyewe kufariki. Babu alivitoa kimoja kimoja huku akinifundisha: siafu haoni, hakutafuti wewe. Mvua zikilowesha ardhi hutoka kwa wingi, wanashika njia yao, wanakula wanachokikuta. Apitaye haraka wanamkosa. Asimamaye ni sehemu ya barabara.

Jioni, kwenye kijiji tulicholala, nilimkuta mama mmoja anamtoa mwanawe funza kidoleni kwa pini, mtoto anacheka na kulia kwa zamu. Nikakumbuka habari ya funza niliyowahi kuisoma, na nikiri kwamba ilinitoa jasho zaidi ya mlima. Funza si mwenyeji wa Afrika. Alishuka Angola mwaka 1872, kutoka kwenye meli iliyotokea Brazili. Akajichimbia chini ya kucha za wapagazi, akapita nao Kongo, akavuka bara zima, na kabla karne ya 19 haijaisha alikuwa amefika pwani yetu. Hana mkoba, hana jedwali, hana kikundi cha WhatsApp. Mimi nilikuwa na siku mbili tu njiani na goti tayari linalia.

Mtae tulifika, na mandhari yake yananifanya nisamehe mengi: unasimama ukingoni, mbele yako ardhi inakatika ghafla, na tambarare ya Mkomazi imelala chini kama mkeka. Tungeishia hapo. Lakini wenzangu wakapendekeza tukodi gari tukaone na hifadhi. Hatukuwa tumeingia mbali walipotuandama mbung'o, wengine huwaita ndorobo, wakilifukuza gari kana kwamba ni nyati. Ndani tulikuwa watano. Wakanichagua mimi. Suruali aliyoiapia yule muuzaji waliitoboa kama karatasi ya maandazi.

Dereva alikuwa akinitazama kwenye kioo kwa muda mrefu. Mwishowe akauliza kwa upole, "Bosi, nani alikwambia uvae buluu?" Akaninyooshea kidole mtini: kitambaa kimening'inizwa, kipande buluu, kipande cheusi. "Ule ni mtego wao. Buluu ndiyo inayowaita. Wewe umeuvaa." Kisha akaongeza, kwa ajili ya haki: "Ila ule una sumu."

Nilirudi Tabata na chupa mbili na nusu za dawa, maboksi yote ya kuchoma, na mwili kama ramani ya vituo vya daladala. Siku ya tatu mke wangu akaniona nimekaa barazani, akainama nyuma ya goti langu.

"Baba watoto, hii chunjua umeanza kuwa nayo lini?"

"Chunjua ipi?"

Akasogea zaidi. "Ina miguu." Akahesabu kwa sauti, kwa kuwa ni mwalimu. "Minane. Basi huyu si mdudu hata, ni ndugu yake buibui."

Kupe. Huyu harukii mtu wala hapai. Hupanda ncha ya jani, akanyoosha miguu ya mbele, akangoja, kama abiria kituoni anayepungia daladala. Nami nilipita, nikasimama, nikampakia. Mke wangu akaleta kibano, akamshika karibu kabisa na ngozi, akamvuta taratibu na kwa unyoofu, hakuna mafuta ya taa wala njiti ya kiberiti. Akamweka juu ya sahani. Kanenepa, katulia, ana sura ya mtu aliyerudi likizo.

"Ule mkoba wa dawa, uliulipia nauli?"

"Niliulipia."

"Kwenda na kurudi?"

"Kwenda na kurudi."

Akaitazama sahani. "Na huyu?"