Mhadhara wa Bingwa wa Vipanga

Wazee wangu, akina mama, na ninyi vijana mliojilaza juu ya bodaboda: tulieni. Anayezungumza ndiye bingwa pekee wa vipanga kutoka Vitengeni hadi Malindi. Cheo hiki sikupewa na mtu. Anipe nani, ilhali hakuna anayenizidi?

Tuanze na elimu. Yule kipanga anayezunguka alfajiri juu ya msitu wa Arabuko-Sokoke, akitoa mlio mmoja mmoja, si mgeni, ni mwenyeji. Jike lake ni kubwa kuliko dume. Akina mama, acheni vigelegele, hii ni sayansi.

Msafiri hasa ni kozi wa Amur, ndege asiyefika hata robo kilo mizanini. Anatoka mashariki ya Siberia na China, anapumzika Nagaland kule India, kisha anavuka Bahari ya Hindi, kilomita 3,000 hivi, akisukumwa na kaskazi, upepo uleule uliotuletea majahazi. Atakula nini baharini? Wataalamu wengine wanadhani ni kerengende wanaovuka msimu huohuo. Nimewaruhusu wadhani hivyo. Mwaka 2012 watu wa Nagaland waliwanasa kozi hawa kwa nyavu, maelfu kwa maelfu. Mwaka uliofuata wakaacha. Hawakunishauri, lakini walifanya vyema.

Wakipita huku kwetu wakati wa vuli, huwania kumbikumbi na watoto wenu. Bibi wa pale nyuma, unasemaje? Umewaona tangu utotoni, makundi kwa makundi, mvua ikishakatika? Asante. Andikeni: bingwa amethibitisha.

Sasa picha. Kipanga wa msituni hakai peupe. Hujibanza ndani ya mrihi, kimya, akikodolea chini. Kamera nayo ikikuta tawi mbele, basi hulishika tawi: ndege anakuwa ukungu, jani linatoka safi hadi mishipa yake unaihesabu. Wanagenzi huilenga kamera kwenye jicho la ndege kwa nukta moja tu, na akiruka huweka kasi ya 1/2000 ya sekunde. Mimi sina haja na hayo. Mimi jani hulipiga makusudi, kuonyesha makazi ya ndege.

Picha ni hizi, zinauzwa. Tawi tupu shilingi 100, yenye mkia 200. Na wewe kijana unayesema huo ni mkia wa jogoo wa kwenu, lipa kwanza ndipo tubishane.