Kwa Heshima ya Gego Lililotoboka

Watu wa Kilolo, mkoani Iringa, wamesifia vingi: viazi, njegere, nyanya za Ilula, ulanzi, hata ukungu wa Dabaga ambao wageni huupiga picha huku wakitetemeka. Lakini yupo mtumishi mmoja ambaye hajawahi kutajwa kwenye risala wala kuitwa meza kuu, ingawa kuanzia Juni hadi Agosti yuko kazini usiku na mchana bila posho. Nalizungumzia gego lililotoboka.

Chukua utabiri wa hali ya hewa. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina mitambo na picha za setilaiti, na taarifa zake husomwa redioni. Gego halina hata kipimajoto. Lakini umelala zako Boma la Ng'ombe, blanketi mbili juu yako, na saa kumi alfajiri linakuamsha kukuarifu kwamba nje joto limeshuka chini ya nyuzi 10. Halikosei. Tena halitangazii mkoa mzima. Linasema na wewe peke yako, upande wa kushoto, chini, la pili kutoka mwisho.

Adabu nayo limetufunza. Salamu za Uhehe si za kupita njia. Ukishasema "kamwene" bado hujaanza. Kuna habari za kulala, za watoto, za mahindi, za ng'ombe, na zote hizo mnapeana mmesimama wima asubuhi, midomo wazi, upepo ukishuka kutoka milima ya Udzungwa. Mwenye gego bovu ana kibali cha kufupisha. Anaziba mdomo kwa ncha ya mgolole, anainamisha kichwa, na hakuna anayemwita mwenye kiburi. Kwenye mkutano wa kijiji ndipo baraka inapozidi. Nilimwona mzee mmoja, msemaji mahiri asiyejua kuketi, akisimama kuchangia hoja ya barabara. Akafungua mdomo, upepo ukaingia, akaketi. Tulimaliza kabla ya saa sita. Na huyo ni mjukuu wa watu waliomwangusha kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski pale Lugalo, Agosti 17, 1891, jeshi lake likiwa na bunduki na mizinga. Mizinga haikuwaziba midomo.

Kisha mtazame mtu huyo akiletewa chai. Hanywi kwa pupa. Anaipuliza, anaisubiri, analaza kichwa kidogo kulia, anaipitishia shavu lililo zima, ulimi umesimama katikati kama mgambo, na anameza bila tone moja kuvuka mpaka. Sukari anaomba isizidi nusu kijiko. Soda hataki hata kuiona. Miaka nenda miaka rudi wataalamu wa afya wametuhubiria tupunguze vitu vitamu. Gego limefaulu ndani ya wiki moja, bila semina.

Baridi hupenda kujitwalia sifa hizi, na hapo lazima niitetee haki. Baridi haijawahi kumtoboa mtu jino. Kazi hiyo hufanywa na bakteria wa mdomoni, ambao hula sukari tuliyoiacha na kutoa asidi, na huifanya hata Dar es Salaam kwenye joto la Februari. Kipupwe huja tu kupiga hodi kwenye nyumba iliyokwisha bomoka ukuta. Ganda la nje la jino, gumu kuliko mfupa, halina neva. Likimomonyoka, au ufizi ukirudi nyuma, linabaki wazi tabaka la chini lenye vijimirija visivyoonekana kwa macho, vimejaa majimaji. Hewa ya baridi ikiligusa, majimaji husogea na neva inashtuka. Msweden Martin Brännström aliyaeleza hayo miaka ya 1960. Mwaka 2021 timu ya Katharina Zimmermann wa Ujerumani ikaongeza kwamba chembe hai zilizo ndani ya jino zina kihisio chao cha baridi, na kwamba kiini cha mafuta ya karafuu hukizima. Kumbe bibi zetu wenye karafuu jinoni walikuwa mbele ya maabara. Hebu fikiri: karafuu imechumwa Pemba, ikavuka bahari, ikapanda mlima wa Kitonga ndani ya lori, ikafika Kilolo kwa ajili ya tundu moja dogo. Ni jino gani zima limewahi kuutumikia Muungano kiasi hicho?

Wapo maadui. Hawa hupiga mswaki mara mbili kwa siku, dawa yao ina floraidi, na wakishatema povu hawasukutui kwa maji mengi. Mswaki wao ni laini. Wakila ndimu au kitu kingine kichachu, husubiri nusu saa kabla ya kuushika. Kwenye bodaboda ya asubuhi kwenda Iringa hujifunga skafu na kuvuta pumzi kwa pua, na hawafungui chupa kwa meno hata wakibembelezwa. Wanafika Agosti hawajui lolote, wanacheka mdomo wazi kwenye ukungu. Mbaya wao zaidi ni yule anayekwenda kwa daktari wa meno tundu likiwa bado dogo, akazibwa asubuhi na mchana yuko shambani. Huyo hana ladha ya maisha.

Sisi wafuasi tunasubiri. Tunaanza na maji ya chumvi ya vuguvugu, tunapita kwenye karafuu, tunaingia kwenye vidonge vya dukani, na Septemba jua likirudi gego linanyamaza. Tunatangaza kwamba limepona. Ukarimu wa namna hii sijauona kwa binadamu: neva iliyokuwa ikipiga kelele imekufa, usaha unajikusanya taratibu kwenye mzizi, na gego linakuacha ulale. Siku shavu likivimba ndipo unapoonja heshima yenyewe. Jembe hushiki. Kwenye basi la kwenda mjini unaachiwa kiti cha mbele, ndugu wawili wanakusindikiza, na hata kondakta mkorofi anakusemesha kwa upole. Kwenye tundu dogo ingetosha kuziba. Sasa mara nyingi ni koleo. Unarudi jioni na pamba mdomoni, umepunguza jino moja na fedha za magunia kadhaa ya viazi.

Pengo halihisi baridi, hilo nakubali. Lakini majirani zake wa kushoto na kulia, waliokaa miaka yote wakisikia mwenzao anavyoenziwa, wameshaanza kusisimka.