Jigi Lililotoka Relini

Msimu wa korosho ulipokwisha, mkulima mmoja wa Newala alinunua Mazda RX-8 iliyotumika, akaipandisha uwandani kwa mbwembwe zote. Wiki haikuisha, akabadilisha plagi mwenyewe na kuikaza kwa spana ndefu ya trekta. Uzi wa tundu ukang'oka wote.

Kipande kilichoharibika kikateremka Masasi ndani ya kiroba. Fundi mkerezaji akakifungua, akatafuta silinda, asiione. Akauliza kama ameletewa injini au sufuria ya pilau.

Gari hilo halina pistoni. Kwa wazo la Mjerumani Felix Wankel, rota ya pembe tatu huzunguka ndani ya hausingi ya alumini yenye umbo la namba nane iliyonenepa kiuno, na kila ikimaliza mzunguko mmoja, shafti huwa imezunguka mara tatu. RX-8 ina rota mbili, kila moja na plagi zake mbili. Mwaka 1991 Mazda ilishinda Le Mans kwa injini ya ukoo huohuo. Newala ilishindwa na spana ya trekta.

Kazi ilikuwa ndogo: kupanua tundu na kupachika uzi mpya. Kushika ndiko kulikokuwa balaa. Makucha matatu ya mashine ya kukereza hupenda duara, na namba nane si duara. Kwenye jiliwa, keekee ilipouma tu, hausingi ilichomoka ikamgonga fundi goti. Ndipo akaapa kutengeneza jigi la kuishikia ambalo halitatikisika.

Nje ya karakana kulikuwa na kipande cha reli alichokitumia kama fuawe. Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanza 1947, ndio ulioleta njia ya treni kusini; karanga zilishindikana, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli zikang'olewa. Fundi akapiga hesabu: kilichobeba treni hakitashindwa na kidude cha alumini. Akachomelea bamba nene, akaongeza bolti nane. Likahitaji wanaume wanne kuliinua, na meza ya mashine ya kutobolea ikainama kwa heshima.

Akakaza bolti kwa nguvu zote. Keekee ikagusa kidogo, mstari wa tundu ukaonekana umenyooka kabisa. Alipolegeza, mstari ukaenda upande. Jigi halikusogea hata kidogo. Alumini ndiyo iliyokuwa imebonyea, kisha ikarudi ilivyokuwa.

Mwanagenzi wake, aliyekuwa kimya siku nzima akila korosho, akauliza yale matundu mawili ya pini ubavuni mwa hausingi ni ya nini. Ni ya kuipanga sawasawa wakati wa kuunga injini. Bamba jembamba, pini mbili, bolti mbili za kukaza kwa mkono: kabla ya adhuhuri ya kesho yake uzi mpya ulikuwa umeingia.

Gari limerudi Newala, na Jumapili huonekana ukingoni mwa bonde la Shimo la Mungu likipigwa picha. Jigi la reli liliishia mlangoni, na liko palepale kwa kuwa wale wanaume wanne hawajarudi. Wateja wa pancha hulikalia.