Barua kwa Tume ya Huduma za Bunge: Naomba Kipimo cha Ukali

Kwa Tume ya Huduma za Bunge,
Majengo ya Bunge,
Nairobi.

KUH: OMBI LA KUPEWA KIPIMO RASMI CHA UKALI

Waheshimiwa makamishna,

Ningeweza kumwandikia mbunge wangu, lakini namhurumia. Simu yake haijapumzika tangu Juni 2024. Nawaandikia nyinyi kwa kuwa Katiba imewapa kazi ya kulihudumia Bunge na kuliwekea mazingira mema ya kazi, na kwa jinsi ninavyosikia, kinachowasumbua wabunge siku hizi si mshahara tena bali midomo yetu. Mheshimiwa akipewa kipaza sauti matangani, akifungua darasa, akisimama madhabahuni Jumapili, utasikia wimbo uleule: Wakenya hawana adabu, vijana wameharibiwa na simu, zamani kiongozi alikuwa kiongozi. Nimelitafakari jambo hili nikaona si uongo mtupu. Sisi ni wakali. Ombi langu ni dogo tena la kiofisi: mtuambie tupunguze hadi wapi.

Nauliza kwa sababu kila kitu huko kwenu kina kipimo. Bunge la Taifa lina wabunge 349, na 50 wakiwa ndani akidi imetimia, hata kama 299 waliobaki hawajulikani waliko. Mbunge akikosa vikao vinane katika kipindi kimoja bila ruhusa ya maandishi ya Spika, Katiba inasema kiti chake ki wazi. Saba havina neno. Hata matusi ya ndani yamepimwa. Mtu akitumia lugha isiyo ya kibunge huagizwa aondoe kauli na aombe radhi, naye huondoa, huomba, huketi, na mjadala unaendelea. Tena Ibara ya 117 inawapa uhuru wa kusema humo ndani, na kinga juu yake. Sisi huku nje hatuna Kanuni za Kudumu, hatuna kengele wala kinga. Kila mtu anatia ukali kwa kukadiria, kama mpishi wa harusi anavyotia chumvi kwenye sufuria kubwa, na ndiyo maana wengine mnalalamika kuwa umezidi.

Mkikosa wataalamu wa kazi hii, nimeandaa rasimu. Mbunge anayeonekana jimboni kila mwezi na kueleza alivyopiga kura, akosolewe kwa kuanza na "kwa heshima zako". Anayeonekana Ramadhani na Krismasi pekee, iruhusiwe kumguna barazani bila kutaja ukoo wake. Anayefungua darasa moja mara tatu, kila mara kwa utepe mpya, achekwe hadharani, kicheko kisizidi dakika mbili. Aliyebandika jina na picha yake kwenye choo cha shule kilichojengwa kwa fedha za NG-CDF, yaani fedha za mlipa kodi, apewe jina la utani moja litakalodumu hadi uchaguzi ujao. Majina hayo yasajiliwe kwanza kwenu, yapigwe muhuri, na ada ilipwe kupitia eCitizen.

Kuhusu majina ya utani, msikimbilie kukasirika. Chukueni lile la Zakayo, alilobandikwa Rais William Ruto kwa sababu ya kodi. Wapo wanaoliona ni utovu wa nidhamu. Mimi naliona ni jina la shule ya Jumapili, tena la kiungwana. Zakayo wa Injili ya Luka alikuwa mtoza ushuru tajiri, lakini alishuka mtini, akamkaribisha Yesu nyumbani kwake, akaahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Anayekuita Zakayo amekuachia mlango wa toba wazi. Nyinyi wenyewe hamjawahi kudaiwa kwa kiwango hicho. Mwaka 2019 tume hii hii iliidhinisha posho ya nyumba ya shilingi 250,000 kwa mwezi kwa kila mbunge, bila kungoja Tume ya Mishahara na Marupurupu. Mahakama Kuu ilipoibatilisha Desemba 2020 iliagiza pesa zirudishwe kama zilivyo. Mara nne haikutajwa.

Wenye kumbukumbu ndefu husema adabu ilipotea Mei 2013. Tume ya Mishahara ilikuwa imeshusha mshahara wa mbunge kutoka shilingi 851,000 kwa mwezi hadi takriban 532,000, na Bunge jipya, lenye katiba mpya na njaa ya kale, likaona kazi yake ya kwanza ni kuurudisha juu. Waandamanaji wakaleta nguruwe, hashakum si matusi, hadi langoni mwa Bunge. Kwetu Pwani hata kumtaja mnyama yule mtu huomba radhi kwanza, sembuse kumfananisha na mtu aliyepigiwa kura. Nakubali, kwa kipimo chochote kile hapo palizidishwa. Ila tazameni mambo yalivyoisha: mshahara ulibaki ulikoshushwa, na wabunge wakatulizwa kwa shilingi milioni 5 kila mmoja za kununulia gari. Aliyetukana alirudi nyumbani kwa matatu, na aliyetukanwa akapata gari. Kama huo ndio uonevu, mtaani kwetu kuna watu walio tayari kuonewa kuanzia Jumatatu.

Wala msidhani hatukujaribu upole. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipokuja, watu waliandika maoni kama Katiba inavyotaka, wakafika mbele ya kamati, wakasema "Mheshimiwa Mwenyekiti", wakashukuru kwa kupewa nafasi. Kodi ya mkate ikabaki palepale. Ile ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari nayo ikabaki. Juni 18 vijana wakaingia barabarani Nairobi, na siku hiyohiyo ikatangazwa kwamba kodi zote mbili zimeondolewa. Sasa nani alimfundisha mwenzake kuwa kelele hulipa? Laiti zingeondolewa siku wale waliovaa tai walipoziomba kwa upole, huenda leo ningekuwa nawaandikia barua fupi zaidi.

Siku hizohizo namba za simu za wabunge zikasambazwa, na jumbe zikamiminika mchana na usiku. Zilizouliza mbunge atapiga kura vipi naziona halali kabisa. Zilizotishia familia ya mtu sizitetei. Juni 25 kura ikapigwa: 195 za ndiyo, 106 za hapana. Muda mfupi baadaye umati ukaingia uani, na waheshimiwa wakapitia njia ya chini kwa chini hadi Bunge Tower, jengo la ghorofa 28 lililofunguliwa Aprili mwaka huohuo. Katika miradi yote ya umma ninayoijua, huo ndio uliokamilika ukatumika siku hasa ulipohitajika.

Mzaha unakomea hapo. Nje ya Bunge watu walipigwa risasi wakafa, na siku iliyofuata Rais akakataa kutia saini mswada wenyewe. Ninaposikia risasi zikiwekwa kwenye mizani moja na jina la utani, ikisemwa kwamba pande zote mbili zilizidisha, natamani msemaji aagizwe aondoe kauli na aombe radhi, bila kinga.

Makosa yetu yapo, na mkiunda kamati ndogo nitakuja kuyataja kwa kiapo. La kwanza ni tunavyowafanyia wanawake. Mwanamume akipiga kura vibaya tunamsuta kwa kura yake. Mwanamke akipiga kura hiyohiyo tunamuuliza mumewe yuko wapi, na tiketi ya chama aliipata kwa njia gani. Hapo hatumkosoi mtu, tunaonyesha tu kuwa hoja zimetuishia. Lakini msije mkajifanya walimu wetu katika somo hili. Agosti 2019 Zuleikha Hassan, Mwakilishi wa Wanawake wa Kwale, alitolewa ukumbini kwa kuingia na mtoto wake mchanga. Waliomtoa hawakuwa watu wa bodaboda wala wachuuzi wa soko la Kongowea.

La pili linanikera zaidi. Anayemtukana mbunge asubuhi ndiye anayempigia alasiri: mheshimiwa, mwili uko mochari, bili haijalipwa. Matangani tunamngoja ataje ameleta ngapi. Akileta elfu kumi tunanung'unika. Akileta laki tatu hatuulizi zimetoka wapi, tunapiga makofi mbele ya maiti. Karo, jezi za timu, mabati ya kanisa, mabati ya madrasa, harusi ya mpwa. Kazi waliyochaguliwa kuifanya ni kutunga sheria na kuichunga serikali, na sisi tumewageuza chama cha kuzikana. Hapo nawaonea huruma ya kweli. Huruma hiyo hupungua nikikumbuka kuwa wao wenyewe wanaipenda biashara hii, maana deni la jeneza hulipwa kwa kura, na mtu aliyezikiwa mama yake hatamuuliza mbunge habari za kodi ya ongezeko la thamani. Basi tunabaki hivi: mnatukanwa sana, mnaulizwa kidogo, na kwa namna fulani mpango huo unatufaa sote.

Sasa nifike kwenye mapatano ninayotaka kupendekeza.

Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilitufungulia midomo. Ilifuta kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya kashfa kuwa jinai, na kile cha 132 kilichomfanya mtu mhalifu kwa kudhoofisha mamlaka ya ofisa wa umma. Mwaka huohuo mahakama iliangalia pia sheria yenu ya kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya muda wake, nayo ikaona haiendani na Katiba. Ibara ya 104 inasema waziwazi kwamba wapiga kura wana haki hiyo, na inaliagiza Bunge litunge sheria ya kuitekeleza. Bunge la 2011 lilitii. Liliandika kwamba mbunge hawezi kuguswa katika miezi 24 ya kwanza, wala katika miezi 12 ya mwisho. Kwamba lazima kwanza Mahakama Kuu ithibitishe kosa lake. Kwamba zikusanywe saini za asilimia 30 ya wapiga kura waliosajiliwa jimboni, na zitoke katika zaidi ya nusu ya wadi. Kwamba aliyegombea akashindwa haruhusiwi kuanzisha ombi. Ningependa kukutana na aliyeiandika sheria ile nimpe mkono. Sijaona tena mlango uliojengwa kwa ustadi namna hiyo ili usifunguke. Mahakama ikaubomoa, na kazi ya kuweka mwingine ikarudi kwenu. Miaka imepita na pengo liko palepale.

Kwa hiyo mpiga kura wa Kenya ana ulimi wake wote kwa miaka mitano, na mkono wake kwa siku moja ya Agosti. Mnashangaa anautumia ulimi?

Pendekezo langu ni hili. Bunge litunge sheria ya Ibara ya 104 inayoweza kutumiwa na mtu wa kawaida mwenye kazi, watoto na baiskeli moja: saini zinazoweza kukusanywa, sababu zinazoeleweka, miezi isiyoliwa mwanzo na mwisho. Mbunge aliyezushiwa awe na nafasi ya kujitetea. Hilo silikatai, kwani fitina za majimboni nazijua. Siku sheria hiyo itakapoanza kutumika, mimi kwa upande wangu nitaliacha jina la utani la mbunge wangu, ambalo silitaji hapa kwa kuwa bado halijapigwa muhuri. Nitamsalimu kwanza, nitamwita mheshimiwa bila kucheka, na nikiwa na jambo dhidi yake nitalipeleka kwenye fomu. Siwezi kuwasemea majirani, lakini wengi wao wamechoka kupiga kelele kuliko mnavyodhani. Kelele nazo ni kazi, na haina posho.

Naomba jibu kwa maandishi kabla ya Agosti 2027. Likichelewa nitaelewa kuwa akidi haikutimia, na katika muda huo naomba ruhusa ya kuendelea na kipimo changu cha sasa.

Wenu mtiifu kwa kiasi,

Mpiga kura, Kaunti ya Mombasa

Nakala: Tume ya Mishahara na Marupurupu, ili iamue kama kutukanwa kunahesabiwa kuwa mazingira magumu ya kazi yanayostahili posho. Mahali pa kuandika kiasi nimepaacha wazi. Waheshimiwa watapajaza wenyewe.