Karatasi Tupu na Mbuzi wa Jirani

Mwaka 1974 jarida moja la Marekani linaloshughulika na sayansi ya tabia lilichapa makala ya mwanasaikolojia Dennis Upper. Kichwa cha makala kilieleza kwamba hiyo ni taarifa ya mtu aliyejaribu kujitibu mwenyewe maradhi ya kushindwa kuandika, asifanikiwe. Chini ya kichwa hapakuwa na neno. Ukurasa mweupe pe! Palikuwa na tanbihi tu, ikisema kuwa sehemu za makala hiyo hazikuwasilishwa katika mkutano wa wanasaikolojia uliofanyika Montreal, kisha maoni ya mhakiki: ameuchunguza mswada kwa maji ya limau na kwa eksirei, hakuona dosari hata moja, na anashauri uchapwe bila kubadilishwa kitu.

Mwandishi mmoja wa Tanga, ambaye tutamsitiri jina kwa kuwa majirani zake nao ni wasomaji, alipokisoma kisa hicho alimwonea Upper wivu wa wazi. Ukurasa mtupu wa mwenzake umekubaliwa, tena na wataalamu. Wa kwake mhariri alikuwa anaungoja tangu kabla ya Ramadhani, na sasa watu walishaanza kuulizana habari za Mfungo Tatu.

"Vipi, ndugu yangu, makala?" mhariri huandika kwenye simu.

"Naimalizia," hujibu yeye.

Wahariri wote wa nchi hii wanaijua tafsiri ya jibu hilo: hajaanza. Likija jibu la "nainyoosha kidogo", maana yake amepata kichwa cha habari. Na akisema mtandao unasumbua, basi hata kichwa kimempotea.

Si kwamba alikaa bure. Anaishi Ngamiani, katika nyumba ya uani wa pamoja, na kwa muda wote huo chumba chake hakijapata kuwa safi kama kilivyokuwa. Alifagia. Alihamisha meza kutoka dirishani kwenda mlangoni, kwa sababu dirishani palikuwa na kelele, kisha akairudisha dirishani, kwa sababu mlangoni palikuwa na watu. Alipanga vitabu kwa urefu, kisha kwa waandishi. Umeme ulipokatika alimshukuru Mungu kimoyomoyo; uliporudi na mtaa mzima ukapiga kelele za furaha, yeye peke yake alinuna.

Majirani humwita Mwalimu. Hajawahi kufundisha popote, ila ana miwani. Bibi wa chumba cha pili, anayeanua na kuanika nguo mbele ya dirisha lake, alimkuta mchana mmoja amelala chali mkekani, kalamu kifuani, macho darini.

"Mwalimu, leo hukwenda kazini?"

"Niko kazini, bibi."

Bibi akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Haya, baba. Pole na kazi."

Maradhi haya ya kushindwa kuandika yaliingizwa kwenye vitabu vya matabibu na Edmund Bergler, daktari wa akili aliyehamia New York kutoka Vienna. Yeye ndiye aliyeyapa jina lake la kitaalamu mwaka 1947. Bergler aliwatibu waandishi wengi na akafikia uamuzi kuwa mzizi wa tatizo uko utotoni: mwandishi aliyekwama bado ana hasira na mama yake kwa ajili ya maziwa aliyonyimwa. Mwandishi wetu aliposoma hayo alipata matumaini makubwa. Akampigia simu mama yake, Korogwe.

"Mama, shikamoo. Uliniachisha ziwa lini?"

"Marahaba. Ulipoanza kudai chai." Kimya kidogo. "Kwani unaumwa?"

"Hapana, mama. Nimeshindwa kuandika."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Basi kapime malaria."

Baada ya hapo aliachana na madaktari, akawaendea wakubwa wa fani. Victor Hugo alikuwa amemwahidi mchapishaji riwaya, tarehe zikawa zinapita, na mwaka 1830 akaambiwa mambo ya kuchezeana yamekwisha. Inasimuliwa katika kumbukumbu za familia yake kwamba alinunua chupa ya wino na vazi zito la kijivu la kumfunika shingo mpaka vidole vya miguu, akafungia nguo zake zote kabatini ili asishawishike kutoka, akaandika. Notre-Dame de Paris ilitoka mwaka 1831.

Dawa nzuri, na haina gharama. Mwandishi wetu akafungia suruali zake zote sandukuni, ufunguo akamkabidhi mpwa wake aende nao shuleni, akabaki na msuli na fulana. Kosa la mpango huu ni la kijiografia. Mjini Paris mtu aliyejifunika vile angezomewa njiani. Ngamiani, msuli na fulana ni vazi kamili la kwendea barazani. Kufika alasiri alikuwa ameketi kwenye kahawa, kikombe mkononi, na hakuna aliyegundua kwamba yuko kifungoni.

Hapo barazani ndipo alipokutana na Shaaban Robert. Marehemu huyo alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, si mbali na mji wa Tanga, na wazee wa baraza humtumia kuwapigia vijana. "Shaaban alikuwa karani wa serikali ya Mwingereza," alisema mmoja, "akashinda ofisini, na vitabu akaandika. Kusadikika kaandika. Wewe hata ukarani huna!" Hoja hiyo haina jibu. Mwandishi angeweza kujitetea kwamba huenda ni ukarani wenyewe uliomsaidia: Anthony Trollope naye alikuwa mtumishi wa posta Uingereza, akiamka alfajiri kabla ya kazi na kuweka saa mbele yake, akijidai maneno 250 kila robo saa, na alipokufa mwaka 1882 alikuwa ameandika riwaya 47. Lakini kumtajia mzee wa baraza habari za Trollope ni kumpa fimbo ya pili.

Tena wenye fimbo nzito zaidi hawakuwahi hata kupewa karatasi. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa mwaka 1969 kwa ajili ya waraka ulioiuliza Kenya inakwenda wapi. Mashairi aliyoyatunga gerezani aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, na mwaka 1973 yakatoka kwa jina la Sauti ya Dhiki. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, alifanya vivyo hivyo na riwaya nzima ya Kigĩkũyũ. Visa hivi husimuliwa siku hizi katika semina za uandishi, mbele ya washiriki waliopewa daftari, kalamu mbili na maji ya chupa, kwa namna ya kuwafanya waone haya. Ni matumizi mabaya ya dhiki za watu. Gereza si dawa ya kukwama, na wengi waliofungwa hawakutoka na kitabu. Ila jambo moja katika visa hivyo lina uzito: wale wawili walijua wanasema na nani, na kwa nini huyo asikie.

Watunzi wa zamani wa pwani hii walilielewa jambo hilo vizuri kuliko Bergler. Utenzi wa kale hauanzi na jambo lenyewe. Kwanza hutajwa jina la Mungu, huagizwa wino na karatasi, huja sifa za Mtume, na kabla habari haijafika, beti kadhaa zimeshakaa ukurasani. Beti hizo mtunzi hakuwa na haja ya kuzitafuta, kwani mlango wake aliufahamu tangu chuoni. Ni kama mpishi anayewasha mkaa kwanza, menyu itajulikana maji yakichemka. Mwana Kupona binti Mshamu, alipotunga utendi wake karibu mwaka 1858, alikuwa mgonjwa, na jambo la kwanza analofanya ni kumwita binti yake asogee na wino na karatasi. Binti amekaa pale, anangoja. Katika hali hiyo, mama gani atakwama?

Mwandishi wetu hakuwa na mtu aliyekaa akingoja, ukimtoa mhariri, ambaye yuko Dar es Salaam na anaweza kuzimwa kwa kidole. Hali hiyo iliendelea mpaka siku ya mbuzi.

Alikuwa mbuzi wa nyumba ya nyuma, beberu mwenye historia. Bibi wa chumba cha pili alikuwa ameanika kanga ya doti mpya aliyonunuliwa kwa ajili ya harusi. Aliporudi kuanua, mbuzi alikuwa amekula jina lote, herufi kwa herufi, akaacha pindo la upande mmoja na kipande cha mji. Bibi aliingia kwa Mwalimu bila hodi, ushahidi mkononi.

"Chukua kalamu. Niandikie barua kwa mwenyekiti wa mtaa."

Akaandika. Hakuhamisha meza, hakufagia. Alianza na anuani, tarehe, kisha "YAH: MALALAMIKO KUHUSU MBUZI", kisha "Husika na kichwa cha habari hapo juu", na kabla hajapata nafasi ya kuogopa, tayari alikuwa aya ya pili, mbuzi anaruka ukuta. Bibi alisimama nyuma yake akitoa masahihisho. "Usiandike 'alikula'. Andika 'alitafuna mbele ya macho ya watu'." Barua ilijaza kurasa mbili, ikasomwa kwa sauti uani, wanawake wakaitikia kila pale palipostahili. Malipo, sahani ya mihogo ya nazi, yalifika jioni ileile, kasi ambayo magazeti bado hayajaifikia.

Magharibi ilipokwisha, mwenye mbuzi akabisha hodi. Barua ameisikia, uani hakuna siri.

"Mwalimu, nasikia umenichana sana."

"Si mimi, kaka. Ni barua."

"Basi niandikie na mimi majibu."

Haikuwa rahisi kukataa, maana mtu huyo ndiye pia anayemkopesha mkaa. Akaandika majibu. Ikaelezwa kwamba mnyama huyo alifungwa ipasavyo, ila watoto wa mtaa ndio waliofungua kamba; kwamba kamba ya nguo imetundikwa chini mno, kimo cha mbuzi kabisa; na kwamba mbuzi mwenyewe tangu siku hiyo hana raha ya tumbo. Aya ya tumbo la mbuzi ilimgusa mwandishi mpaka akaiandika mara ya pili, polepole, kwa herufi nzuri.

Mwenyekiti wa mtaa alizisoma zote mbili mbele ya wahusika, akavua miwani, akaziweka sambamba mezani.

"Mbona mwandiko mmoja?"

Uani wote ukamgeukia Mwalimu.

Uamuzi ulitolewa: mwenye mbuzi atanunua doti nyingine, bibi atapandisha kamba. Kwa kuwa katibu wa mtaa alikuwa safarini, mwenyekiti akamwagiza Mwalimu aandike muhtasari wa kikao, uletwe kesho asubuhi. Simu ikatetemeka mfukoni. Ni mhariri: "Vipi?" Kwa mara ya kwanza alijibu ukweli, kwamba ana kazi nyingine ya kuandika yenye haraka zaidi, na akaizima simu.

Asubuhi bibi alimtaka amsomee muhtasari kabla haujaondoka uani. Alisikiliza akiwa amefumba macho, mpaka ilipofika aya ya tatu.

"Hapo umesema kanga ilikuwa 'imetumika kidogo'. Nani kakwambia?"

"Mwenye mbuzi, bibi."

"Na wewe ukaandika tu?"

Akakata maneno hayo mawili kwa kalamu, akauliza doti hiyo ilinunuliwa lini na kwa shilingi ngapi. Bibi akavuta kigoda, akaketi, akaanza kumweleza tangu kwenye uchumba.