Jenereta Iliyokufa kwa Kupumzika

Jenereta yangu niliinunua kwa ajili ya dharura, na kwa kuitunzia dharura sikuiwasha miezi minane. Niliifunika shuka, nikaiweka stoo karibu na gunia la mkaa, petroli ikiwa tumboni. Kila nikipita nilikuwa naipigapiga mgongo kama ng'ombe wa maziwa.

Dharura ikaja Jumamosi ya Simba na Yanga. Umeme ulikatika mpira ukiwa ndiyo kwanza unaanza. Sebuleni walikuwepo majirani tisa, watoto wasio na idadi, na mama mkwe aliyetoka Pangani kumwona mjukuu. "Mtu asitoke," nikatangaza, kwa sauti ya mwenye jenereta.

Nikaitoa uani, nikavuta kamba. Mara ya kumi na tatu ikanguruma, lakini kwa choki tu. Nikiirudisha, inakata roho. Mwenye akili angeelewa hapo hapo. Choki hubana hewa ili petroli izidi, kwa hiyo injini isiyoweza kuishi bila choki inalia njaa ya mafuta. Mimi nikabadilisha plagi.

Ikabidi kufungua kabureta. Kumbe kifaa chenyewe hakina uchawi. Pistoni ikishuka huvuta hewa kupitia koo la kabureta, na koo hilo limebanwa katikati. Hewa ikifika penye wembamba hukimbia, kama upepo wa uchochoroni unaonyakua kanga kambani. Hapo mgandamizo wake hushuka, na petroli hunyonywa kutoka bakuli la chini kupitia kitundu cha jeti. Kila gramu moja ya petroli hutaka karibu gramu 15 za hewa. Bakulini kuna boya, ndugu yake lile la tangi la choo: mafuta yakijaa, linapanda na kuisukuma sindano izibe njia.

Hayo niliyajua baadaye. Siku ile nilijua tu kwamba boliti ya bakuli ni ya spana namba 10, nikaifungua bila kufunga bomba la mafuta. Petroli ikaniogesha hadi kiwiko. Jirani mwenye sigara akafukuzwa mpaka barabarani. Kipini cha boya kikadondoka mchangani, na watoto wote wakapiga magoti kukitafuta kama waliopoteza pete ya harusi. Bakulini palikuwa na masalia ya rangi ya chai, yanayonata. Petroli ikikaa sana, sehemu yake nyepesi hupaa, ikabaki gundi. Nikainua jeti juani, nikachungulia. Giza.

Nikaagiza sindano ya kushonea.

"Usitie chuma, baba," mama mkwe akasema kutoka barazani. "Ukikipanua hicho kitundu, itakunywa mafuta mpaka uiuze."

Akachuna waya mbovu wa taa, akachomoa unyuzi mmoja wa shaba, akanipa. Nikamuuliza amejulia wapi.

"Marehemu alikuwa na mashine ya boti. Mimi nilikuwa namshikia tochi."

Nikachokonoa, nikapuliza, nukta ya jua ikaonekana. Nikaosha bakuli, nikarudisha boya. Mama mkwe akakohoa. Nikaligeuza juu chini, nikafunga tena. Mvuto wa pili ikawaka. Choki ikarudi, nayo haikufa. Tuliiwahi dakika ya 80, ila majirani wawili walibaki uani wakidai mechi ya huku ilikuwa nzuri zaidi.

Mama mkwe aliondoka na kuniachia amri: iwashwe kila wiki, na ukitaka kuizima usiguse swichi, funga bomba, iache imalize kilichomo bakulini.

Basi kila Jumamosi naiwasha, umeme uwepo usiwepo. Nikishafunga bomba inaendelea kidogo, inakohoa, inanyamaza yenyewe. Mke wangu akiniona nimesimama pale nikisubiri, huja taratibu na kusimama kando yangu, mchana kweupe, ameshika tochi.