Simu Iko Kabatini

Siku hizi mwanafunzi hakosi mtu wa kumwiga. Daktari bingwa yuko Instagram, rubani yuko TikTok, na wahandisi wako LinkedIn tangu 2003, wakipongezana. Shule nayo haikubali kupitwa: imefungua kundi la WhatsApp ili kidato cha nne wakutane na wataalamu. Kundi moja hubeba watu 1,024, kwa hiyo nafasi ni tele. Wasiokuwepo ni wanafunzi tu. Simu zao zimo kabatini kwa mwalimu wa nidhamu, kwani kukutwa na simu bwenini ni kurudishwa nyumbani ukamlete mzazi.

Basi kundini tumo wazazi, walimu, na mjomba mmoja anayeuza viwanja Kigamboni. Mhandisi wa barabara alipouliza, “Vijana, mna swali?” tukamjibu sisi: “Amina.” Mama mmoja akatuma ua waridi la asubuhi njema, saa tatu usiku.

Likizo ilipofika, binti yangu akaazima simu yangu. “Shikamoo mhandisi. Nikikosa nafasi ya PCM kidato cha tano, naweza kupitia chuo cha ufundi nikafika ulipo?” Swali pekee la maana tangu kundi lizaliwe.

Jibu lilikuja siku ya tatu: “Pambana, binti!” pamoja na picha yake kavaa kofia ngumu, kaegemea greda.

Greda limepata mioyo 46. Binti bado anasubiri habari za chuo.